Vitufe vyote vinasomwa "kitufe" tu: skripti inaandikwaje, na wenzangu nitawapaje?

nukta6

Wakuu, habari zenu.

Kuna programu ya stoo na ankara, faili lake ni stoo.exe, inaendeshwa kwenye Windows 11. Matatizo yake ni haya:

Juu kuna vitufe saba vya picha. Ukipita kwa Tab, NVDA (kisoma skrini changu) inatamka "kitufe" mara saba. Hakuna chenye jina.

Chini kuna mstari wa jumla ya ankara na idadi ya bidhaa. Anayeona anausoma wazi, lakini NVDA+End (NVDA hapa ni kitufe, kwa kawaida Insert) inajibu kwamba hakuna mstari wa hali uliopatikana.

Tuko wasioona sita tunaoitumia. Wanne wako NVDA, wawili JAWS, kisoma skrini kingine. Kwa hiyo nikifanikiwa nataka wote wapate.

Python naijua kiasi: vitanzi, kamusi, funksheni. Ndani ya NVDA sijawahi kugusa. Nimeandika stoo.py na kuiweka kwenye folda ya scratchpad (ya NVDA, ya kujaribia msimbo wako), nikaanzisha NVDA upya, na hakuna kilichobadilika wala kosa lililotajwa. Nianzie wapi?

---

mshale_chini

Anza na hilo faili lisilofanya kitu. Bila hilo, mengine yote ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ukimya wenyewe ni dalili. Faili la aina hii likisomwa na likawa na kosa la kisarufi, NVDA hutamka kwamba kuna kosa kwenye moduli ya programu hiyo (yaani faili lako la Python kwa ajili ya programu hiyo), na logi huandika mpaka namba ya mstari. Kama hakuna hata neno, basi faili halikusomwa kabisa, na mara nyingi chanzo ni kimojawapo cha hivi:

Scratchpad haijaruhusiwa. Nenda NVDA+N, Mapendeleo, Mipangilio, kundi la mipangilio ya juu ambalo liko mwisho wa orodha. Kuna kisanduku cha kwanza cha kukiri kwamba unajua hatari. Usipokitia tiki, vingine havishikiki. Kisha tia tiki kile cha kuruhusu msimbo wako upakiwe kutoka scratchpad.

Faili liko mahali pasipo pake. Si ndani ya scratchpad yenyewe, ni ndani ya folda ya appModules iliyomo humo. Windows+R, andika %appdata%\nvda\scratchpad\appModules, Enter.

Jina la kweli ni stoo.py.txt. Windows huficha viendelezi vya mafaili na Notepad hupenda kujiongezea .txt. Onyesha viendelezi kwanza, halafu sikiliza jina upya.

Jina la programu si unalolidhania. Ukiwa ndani ya programu bonyeza NVDA+Ctrl+F1. NVDA itakutajia moduli iliyopakiwa na jina la faili linaloendesha. Lako linatakiwa liwe jina hilohilo bila .exe, kwa herufi ndogo. Njia za mkato za kwenye eneo-kazi hudanganya sana hapa, maana wakati mwingine huanzisha faili dogo ambalo nalo huanzisha jingine.

Jaribu na hili tu kwanza:

```
import appModuleHandler
import ui
from scriptHandler import script

class AppModule(appModuleHandler.AppModule):

	@script(description="Jaribio", gesture="kb:NVDA+shift+j")
	def script_jaribio(self, gesture):
		ui.message("Imepakiwa")
```

Hifadhi kwa UTF-8, bonyeza NVDA+Ctrl+F3 kupakia upya msimbo bila kuzima NVDA, rudi kwenye programu, bonyeza NVDA+Shift+J. Ukisikia "Imepakiwa", tuendelee. Usiandike kingine chochote kabla ya hapo.

---

kipanya_likizoni

Naongeza hatua inayorukwa na wengi: kabla ya kuandika dawa, jua programu inajitangaza vipi.

Peleka fokasi kwenye kitufe cha kwanza, bonyeza NVDA+Ctrl+Z. Konsoli ya Python itafunguka, na kitu ulichokuwa umesimama juu yake kimeshanaswa kwenye kigeu `nav`. Andika moja moja:

```
nav.windowClassName
nav.windowControlID
nav.role
nav.IAccessibleChildID
nav.UIAAutomationId
```

Mstari wa nne au wa tano ukirudisha AttributeError usishtuke. Maana yake kitu hicho hakipitii mfumo huo. Jibu lenyewe ndilo habari. F6 inakupeleka kwenye sehemu ya majibu ukitaka kuyasoma herufi kwa herufi.

Rudia kwa vitufe vyote saba. Halafu, na hili ndilo la maana kuliko yote, FUNGA programu, ifungue tena, urudie. Linganisha namba za windowControlID, yaani utambulisho wa kila kitufe.

Zikibaki zilezile, kazi imeisha nusu. Zikibadilika kila programu inapofunguliwa, yawezekana imeundwa kwa Windows Forms, ambako windowControlID huwa ni namba ya dirisha lenyewe na hutolewa upya kila mara. Hapo tumia UIAAutomationId kama ipo, kwa kuwa hubeba jina ambalo mwandishi wa programu alikipa kitufe kwenye msimbo wake.

Kama vitufe vyote saba vina windowControlID moja na windowClassName ni ToolbarWindow32, basi dirisha ni moja tu na vitufe ni watoto wake. Vitofautishe kwa IAccessibleChildID, ukijua kwamba mtumiaji akipanga upya upau huo, hesabu inaharibika.

Na kama programu ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa dirisha, windowControlID haitakusaidia kabisa. Angalia `nav.IA2Attributes`, humo utakuta id na class za HTML.

Usitambue kitufe kwa mahali kilipo kwenye skrini. Mtu mmoja akiongeza ukubwa wa maandishi kwenye Windows, "Hifadhi" inageuka kuwa "Futa".

---

nukta6

Shukrani nyingi. Tatizo lilikuwa stoo.py.txt. Sasa "Imepakiwa" inasikika.

Majibu ya konsoli: vitufe vyote windowClassName ni Button, windowControlID ni 1001 mpaka 1007, hazikubadilika baada ya kufunga na kufungua mara mbili. Mstari wa chini nimeufikia kwa kusogeza navigeta (ya NVDA, inayokagua vitu bila kuhamisha fokasi): ni Static, namba 2040.

Amri ya kibodi ya kusoma jumla niiwekee NVDA+Shift+H?

---

kipanya_likizoni

Una bahati, hiyo ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Ndiyo, NVDA+Shift+H inafaa, andika skripti inayotafuta 2040 na kutamka jina lake.

---

mshale_chini

Hapo natofautiana na kipanya. Usiongeze amri mpya ya kibodi ambapo ipo ya zamani. Mtumiaji wa NVDA tayari anajua NVDA+End kwa kompyuta ya mezani na NVDA+Shift+End kwa mpangilio wa kibodi ya laptop. Kazi yako ni kuiambia NVDA kwamba kwenye programu hii mstari wa hali uko pale. Moduli ya programu ina nafasi ya hilo:

```
import api
import appModuleHandler
import windowUtils
import winUser
from NVDAObjects.IAccessible import getNVDAObjectFromEvent

MAJINA = {
	1001: "Ankara mpya",
	1002: "Hifadhi",
	1003: "Chapisha",
	1004: "Tafuta bidhaa",
	# endelea mpaka 1007
}

class AppModule(appModuleHandler.AppModule):

	def event_NVDAObject_init(self, obj):
		if obj.windowClassName != "Button":
			return
		jina = MAJINA.get(obj.windowControlID)
		if jina and not obj.name:
			obj.name = jina

	def _get_statusBar(self):
		fg = api.getForegroundObject()
		try:
			h = windowUtils.findDescendantWindow(
				fg.windowHandle, visible=True, controlID=2040)
		except LookupError:
			raise NotImplementedError
		return getNVDAObjectFromEvent(h, winUser.OBJID_CLIENT, 0)
```

Mambo ya kuzingatia humo.

`event_NVDAObject_init` huitwa kila NVDA inapounda kitu cha programu hiyo, mamia kwa mamia ukiwa kwenye orodha ndefu. Ndiyo maana ukaguzi rahisi unatangulia na `obj.name` inaulizwa mwisho. Ukianza kwa kuuliza jina, au mbaya zaidi watoto wa kitu, programu nzima itakuwa nzito na utailaumu kompyuta.

`not obj.name` iko pale kwa makusudi. Siku mwandishi wa programu akiweka majina ya kweli, ya kwako yatajiondoa yenyewe. Pia kidirisha kingine cha programu hiyohiyo kinaweza kuwa na kitufe chenye namba 1002 na jina lake halali, na hutaki kukibandika "Hifadhi". Bado kitabaki kidirisha chenye 1002 isiyo na jina. Pitia vidirisha vyote, na ukikuta mgongano angalia pia kichwa cha dirisha la mbele.

`raise NotImplementedError` dirisha lisipopatikana huiachia NVDA itafute kwa njia yake ya kawaida. Ukirudisha None hapo, utakuwa umeua NVDA+End kwenye vidirisha vingine vya programu.

Faida ya kubadilisha `obj.name` badala ya kutamka jina kwa `ui.message` kwenye fokasi: jina linakwenda kwenye sauti na kwenye breli kwa pamoja, hata ukifikia kitufe kwa navigeta.

---

nukta6

Majina yanasomwa! Na NVDA+End inatoa jumla. Ila nimekwama mara mbili.

Moja, nilipoongeza mistari ndani ya event_NVDAObject_init kutoka kihariri kingine, logi imeandika TabError na moduli yote ikafa.

Pili, nimejaribu kuongeza event_gainFocus ili ipige mlio fokasi ikifika kwenye Futa. Mlio unapiga, lakini sasa NVDA haisomi chochote humo ndani. Vitufe, orodha, vyote kimya.

---

kipanya_likizoni

La pili kwanza, maana linatisha lakini ni neno moja. Tukio hupita kwenye mnyororo: programu-jalizi za jumla (nyongeza za NVDA zinazofanya kazi kwenye programu zote), kisha moduli yako, kisha kitu chenyewe. Anayeshika tukio ana wajibu wa kulipitisha. Hukulipitisha, kwa hiyo kitu hakikupata nafasi ya kujitamka.

```
	def event_gainFocus(self, obj, nextHandler):
		if obj.windowControlID == 1006:
			tones.beep(300, 60)
		nextHandler()
```

`import tones` juu. Zingatia kwamba `nextHandler()` iko nje ya `if`. Ikiwa ndani, itasoma Futa peke yake. `event_NVDAObject_init` yenyewe haina nextHandler. Ukiiwekea utapata kosa.

Na kama utataka mlio mwingine baada ya muda fulani, usiandike `time.sleep`. Msimbo wako unaendeshwa kwenye uzi uleule unaoendesha sauti na kibodi, kwa hiyo sekunde 2 za sleep ni sekunde 2 za NVDA iliyoganda. Tumia `core.callLater(2000, funksheni)`, namba ni milisekunde.

La TabError: Python haikubali tabo na nafasi zichanganywe kwenye kipande kimoja. Kihariri kile kingine kimeandika nafasi nne palipokuwa na tabo. Kwenye Mipangilio, kundi la uumbizaji wa nyaraka, washa utajaji wa nafasi za mwanzo wa mstari. Kuna hali ya maneno, ya milio, na ya vyote viwili. Kwa kusaka kosa hili washa maneno, kwani yanakwambia kama ni tabo au nafasi. Milio ni ya kasi na inatosha ukishasafisha. Msimbo wa NVDA yenyewe hutumia tabo, hivyo ni heri ubaki nazo.

Ukiharibu kiasi kwamba NVDA haisemi kabisa: Windows+Ctrl+Enter inawasha Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe. Kwa Narrator nenda kwenye folda, hamisha stoo.py nje, kisha Ctrl+Alt+N kuanzisha NVDA upya. Kama NVDA bado inasema kidogo, NVDA+Q ina chaguo la kuanza upya bila programu-jalizi.

---

insert_sifuri

Upande wa JAWS naona hamjaugusa.

Wale wawili huenda wasihitaji skripti kwa vitufe. Simama juu ya kitufe, Insert+G, andika jina, Enter. JAWS huweka lebo hizo kwenye faili la .jgf lenye jina la programu, na faili hilo linaweza kunakiliwa kwenda kompyuta nyingine. Udhaifu wake: lebo inafuata picha yenyewe. Picha zikichorwa upya kwenye toleo jipya, au rangi za Windows zikibadilika, lebo inaweza isitambulike tena.

Kwa njia ya namba, ukiwa ndani ya programu bonyeza Insert+0. Meneja wa skripti anafungua faili la programu hiyo moja kwa moja, stoo.jss:

```
Include "hjconst.jsh"

Void Function SayObjectTypeAndText (int nLevel, int includeContainerName)
Var
	Int id
Let id = GetCurrentControlID ()
If id == 1001 Then
	IndicateControlType (WT_BUTTON, "Ankara mpya")
	Return
EndIf
If id == 1002 Then
	IndicateControlType (WT_BUTTON, "Hifadhi")
	Return
EndIf
SayObjectTypeAndText (nLevel, includeContainerName)
EndFunction
```

Ctrl+S inahifadhi na kukusanya kwa pamoja, ikitoa stoo.jsb. Mstari wa mwisho kabla ya EndFunction unafanana na kujiita wenyewe bila kikomo, lakini sivyo: ndani ya funksheni, jina lilelile huita ile ya ngazi ya chini, yaani ya skripti za msingi. Ukiusahau, matokeo ni yale ya nextHandler, programu nzima kimya.

Njia hii inabadilisha kinachotamkwa tu. Mwenye kifaa cha breli bado ataona kitufe kisicho na jina. Kwa breli kuna funksheni nyingine, `BrailleAddObjectName`, nayo lazima uiandikie majina yaleyale.

Ukiwagawia, toa .jss pamoja na .jsb. Wengi hutoa .jsb pekee, nayo haisomeki wala hairekebishiki. Mwandishi akitoweka, skripti imekufa naye. Na kila toleo la JAWS lina folda yake ya mipangilio, hivyo wakipandisha toleo na skripti "ikapotea", mara nyingi imebaki kwenye folda ya toleo la zamani. Inakili, fungua kwa Insert+0, Ctrl+S.

---

mshale_chini

Sasa kuwagawia wale wa NVDA. Usiwatumie stoo.py peke yake uwaambie wawashe scratchpad. Scratchpad ni meza ya fundi, na ukiiacha wazi kwenye kompyuta ya mtu, faili lolote litakalodondoshwa humo litaendeshwa.

Tengeneza kifurushi. Folda moja, ndani yake manifest.ini (faili la maelezo ya kifurushi) na folda ya appModules yenye stoo.py. Hii ndiyo manifest.ini:

```
name = stooVitufe
summary = "Majina ya vitufe vya Stoo"
description = """Hutaja vitufe saba vya juu na kusoma jumla kwa NVDA+End."""
author = "nukta6"
version = 1.0.0
minimumNVDAVersion = 2024.1.0
lastTestedNVDAVersion = 2025.1.0
```

Chagua manifest.ini na appModules, bana kuwa zip, badilisha kiendelezi kuwa .nvda-addon. Kosa la kila mgeni ni kubana folda ya nje badala ya vilivyomo. manifest.ini ikikosekana kwenye ngazi ya kwanza ya zip, NVDA inasema faili si halali na haikwambii kwa nini.

`lastTestedNVDAVersion` ni tamko lako kwamba umeijaribu huko, usiikisie. Toleo la kwanza la mwaka, lile linaloishia na .1, ndilo linaloweza kuvunja msimbo wa zamani. Toleo la 2019.3 lilihamia Python 3 (hiyo ilikuwa nje ya desturi), 2022.1 likaondoa majina ya zamani ya `controlTypes.ROLE_`, 2024.1 likahamia Python 3.11. Likija la namna hiyo, NVDA itazuia kifurushi mpaka upandishe namba. Mtumiaji anaweza kulazimisha kiwake kupitia Duka la programu-jalizi, lakini usiwafundishe hivyo.

Ukiongeza skripti zenye vitufe, zipe `description` lakini acha `gesture` tupu pale ambapo si lazima. Kila mtu atajiwekea kwenye kidirisha cha vitufe vya amri. Programu-jalizi za jumla husikilizwa kabla ya moduli za programu, kwa hiyo mwenzako mwenye jalizi inayotumia NVDA+Shift+H hangesikia yako kamwe, na angekuandikia kwamba "haifanyi kazi".

Duka la NV Access, watengenezaji wa NVDA, si lazima kwa watu wanne. Ukitaka kufika huko, utahitaji kiungo cha https cha kupakua kinachoishia .nvda-addon, msimbo ulio wazi na leseni inayopatana na GPL 2.

---

kipanya_likizoni

Kwa watakaopokea: .nvda-addon ni zip tu, kwa hiyo igeuze jina na uisome kabla ya kusakinisha. Programu-jalizi inaweza kusikia kila kitufe unachobonyeza, nywila zikiwemo. Jalizi ya kutaja vitufe haina sababu ya kuwa na `socket`, `urllib`, `subprocess`, wala faili la .dll au .pyd. Ukikuta, uliza. Na fikiri mara mbili kabla ya kubonyeza lile chaguo la kunakili mipangilio kwenda skrini ya kuingilia: huko NVDA inaendeshwa kwa mamlaka ya mfumo, na jalizi zako zinakwenda nayo.

---

nukta6

Kifurushi kimesakinishwa kwangu. Nimebadilisha jina la 1007, nikabana upya, nikasakinisha juu yake, lakini bado kinasoma jina la zamani.

---

mshale_chini

Stoo.py bado iko scratchpad, sivyo? Moduli ya programu moja hupakiwa moja tu, na hapo unapima ile ya scratchpad, si ya kifurushi. Iondoe, anzisha NVDA upya, na uipe kifurushi namba 1.0.1 ili wenzako wajue wana kipi.

---

nukta6

Ndiyo, ilikuwa humo. Sasa vyote saba.